Kumfuata Babu Stesheni: Dodoma, Tabora, Goweko hadi Ujiji

Watoto wa Babu Stesheni walizaliwa kila mmoja na stesheni yake. Wa kwanza Kigoma, wa pili Usoke, wa tatu Goweko, wa nne Itigi, kitinda mimba Malongwe. Baba yao alikuwa stesheni masta wa Tanganyika Railways, na stesheni masta hakuwa mtu wa kukaa. Barua ya uhamisho ikija, mke, watoto, kuku na masufuria vinapakiwa kwenye behewa, safari inaanza. Ndiyo maana ukoo wetu ukitaka kujieleza, unataja majina ya stesheni.

Babu Stesheni ni baba mzaa babu yangu. Yule wa Usoke ndiye babu yangu. Wa tatu, mtoto wa kike, alifariki Goweko kabla hajatimiza miaka miwili, akazikwa hukohuko. Haukupita muda baba yake akahamishwa, na tangu hapo hakuna mtu wa kwetu aliyefika pale kaburini. Kati yao wote aliyebaki hai ni Bibi yetu wa Itigi, ana miaka 87 na anaishi Tabora. Mwezi Juni alinipigia simu akasema, "Nyinyi mnatembea kila mahali. Nendeni mkanitazamie dada yangu."

Nimeandika haya baada ya kurudi Dar, kwa kuunganisha daftari langu, risiti na picha za simu ya mdogo wangu wa kiume niliyesafiri naye. Nauli na mambo ya njiani nimeyaweka kwa ajili ya wenzangu wenye wazee wa reli, maana najua mko wengi.

Alhamisi, 7 Agosti: Dar – Dodoma

Treni ya umeme, daraja la kawaida, shilingi 31,000. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, sikukuu ya wakulima, na behewa lilijaa watu wa maonesho ya Nzuguni: wakulima wenye magunia ya mbegu za mfano, wanafunzi wa kilimo, mama mmoja mwenye vifaranga kwenye boksi lililotobolewa matundu. Kama unasafiri kipindi cha sikukuu kata tiketi mapema, na usisahau kitambulisho.

Karibu na Kilosa treni ya sasa inaingia kwenye mahandaki. Reli ya zamani ilifuata bonde la mto Mkondoa, na mafuriko ya bonde lile yameikata mara nyingi. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na mwaka 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, kilomita 1,252 kutoka baharini. Sisi tulifika Dodoma mchana huohuo, tukala wali na maharage, tukalala gesti ya 30,000 jirani na stesheni ya zamani.

Ijumaa, 8 Agosti: Dodoma, halafu usiku relini

Kutoka Dodoma kwenda Tabora tulipanda treni ya reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja. Daraja la pili kulala, chini ya elfu arobaini kwa mtu. Siku za treni hii hubadilika, hasa mvua zikianza, kwa hiyo ulizia stesheni kabla hujapanga chochote kingine. Chukua shuka, tochi, maji ya kutosha na kitu cha kujifunika. Usiku wa Agosti nyanda za kati una baridi kali.

Jioni, tukiwa tunasubiri, alikaa nasi benchi moja mzee aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake. Tukamwamkia, tukasalimiana, na nilipomweleza tunakokwenda akanitazama vizuri. "Basi wewe ni wa kwetu." Alikuwa stesheni masta mstaafu. Akaomba daftari langu, akachora mstari mmoja na nukta mbili.

"Njia ni moja," akasema. "Kati ya nukta hii na hii, treni ni moja tu. Ya pili ikiingia, mmeua watu." Akanieleza kazi ilivyokuwa tangu zama za waya. Treni ikiwa imesimama kwako, unamwita mwenzako wa stesheni ya mbele kwa telegrafu, mashine ya kugonga herufi kupitia waya, unamwuliza kama njia iko wazi. Yeye anaangalia daftari lake la treni, anahakikisha ya mwisho imefika na mkia wake, ndipo anajibu. Jibu lake unaliandika kwenye karatasi ya ruhusa, unatia namba, saa na sahihi, unampa dereva mkononi. Bila karatasi ile dereva hasogei hata akikaa mpaka asubuhi. Treni ikishaondoka unaandika dakika iliyotoka, unamjulisha wa mbele, na unabaki macho mpaka akujibu kwamba imefika.

"Na usiku?"

"Usiku ndiyo kazi yenyewe. Unalala sikio likiwa kwenye mashine."

Nilikuwa nimekua nikisikia kwamba Babu Stesheni alikuwa mtu mkali, hapendi kelele nyumbani baada ya magharibi. Pale kwenye benchi la Dodoma nilimwelewa kwa mara ya kwanza. Maisha ya watu wote waliolala ndani ya mabehewa yalikuwa yanategemea kusikia kwake.

Treni iliondoka giza likiwa limeingia. Bahi, Kintinku, halafu Saranda, ambako kila msafiri wa reli ya kati anateremka kununua kuku. Usipate shida ya chakula: akina mama wanakuja dirishani na taa zao, kuku wa kienyeji wa kukaanga, ndizi, mayai, chai ya tangawizi. Tulinunua kuku nusu na ndizi kwa 9,000. Kutoka Saranda treni inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, polepole, kichwa kikinguruma.

Itigi tulifika usiku mkubwa. Tulisubiri treni ya mizigo itupishe, nami nikashuka nikapiga picha ya kibao cha stesheni kwa ajili ya Bibi. Mlinzi aliponiona alikuja, nikamweleza kwamba bibi yangu alizaliwa hapa mwaka 1938. Akamulika kibao kwa tochi yake ili picha itoke.

Jumamosi, 9 Agosti: Tabora

Kulipambazuka tukiwa katikati ya miombo. Upande mmoja lilionekana tuta jekundu la reli mpya inayojengwa kutoka Makutupora kwenda Tabora, na mitambo ya wajenzi imepangwa kando. Tulipita Goweko bila kukaa. Mdogo wangu alisimama mlangoni, akaiona stesheni, mti mkubwa, watoto wanapunga mkono, hayo tu.

Bibi anaishi mtaa wa Ng'ambo. Tulimkuta uani kwenye mkeka, amevaa kanga mpya, ametusubiri tangu alfajiri.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Treni imewahi leo."

Baada ya uji na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliagiza sanduku la bati. Ndani kulikuwa na koti la reli la rangi ya kaki lililoliwa na nondo kwenye kola, vifungo vya shaba bado vinang'aa. Taa ya mkono ya mafuta yenye vioo vya kuzungusha, cheupe, chekundu na kijani. Na bahasha ya barua za uhamisho. Kioo cha kijani kina ufa. Bibi anasema ufa ule ni wake, alikiangusha akiwa msichana wa miaka saba, na baba yake hakumpiga. Alimkalisha chini akamwonyesha kwamba mwanga wa kijani bado unapita.

Alichotusimulia mchana ule nimekirekodi chote, hapa naweka kwa ufupi. Babu Stesheni alikuwa Mmanyema wa Ujiji, wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Reli ilipofika Kigoma alikuwa mvulana, akapata kazi ya kutumwa stesheni: chai, barua, kufagia. Aliona meli ya Graf von Götzen, iliyoletwa vipandevipande kwa treni kutoka pwani, ikiunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe walipokuwa wanakimbia, Wabelgiji wakaingia Kigoma na askari wao wa Kongo, na Septemba 19 wakaichukua Tabora. Kijana akabaki palepale stesheni. Ni katika miaka hiyo ya Wabelgiji alipojifunza telegrafu, kwa kukaa nyuma ya karani na kugonga kijiko juu ya meza mpaka herufi zikamkaa mkononi. Waingereza walipokabidhiwa Kigoma mwaka 1921 walimkuta anaijua kazi, wakamwandika.

Stesheni kubwa zilishikwa na Wazungu, Wahindi na Wagoa. Mwafrika alipewa za porini, ambako maji yaliletwa kwa treni na simba alipita uani. Alikubali, na stesheni zake, anasema Bibi, zilikuwa na maua mpaka kiangazi.

Nilimwuliza kuhusu mgomo wa 1947, ule ulioanzia bandarini Dar es Salaam ukasambaa relini. Alikuwa na miaka tisa. "Treni hazikuja. Baba alikaa barazani amevaa kanzu mchana kweupe, siku ya kazi. Sisi watoto tuliogopa, tulidhani anaumwa."

Kisha akasema habari ya Goweko. Yeye hakumjua dada yake, alizaliwa baadaye. Anachokumbuka ni mama yao: kila waliposafiri na treni ikakaribia Goweko, alisimama dirishani, akajitanda kanga vizuri, akasoma Fatiha mpaka stesheni ipotee. Hakuwahi kushuka. Treni ilikuwa inasimama dakika chache tu, na mume wake hakuruhusu ichelewe kwa ajili ya mtu wake.

Jumapili, 10 Agosti: Goweko

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa bodaboda mbili, 50,000 kila moja kwenda na kurudi, dereva akikusubiri. Njia ni ya vumbi, ina mchanga mzito mahali pengine, na baada ya Igalula mitandao ya simu inakatikakatika. Funika pua, vaa miwani, weka pesa taslimu. Wakati wa masika nisingeshauri pikipiki.

Tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji. Hili nalisisitiza: usiingie na kamera kwenye eneo la reli wala makaburini kabla hujajitambulisha. Ukishajieleza unageuka mgeni wa kijiji kizima. "Mwangaluka," tukasalimiana, tukapewa viti, na nilipotaja kaburi la mtoto wa stesheni masta, mwenyekiti hakushangaa hata kidogo. Akamtuma kijana amwite mzee mmoja.

Alikuja na fimbo, kofia ya sufu, viatu vya matairi. Alikuwa mnyapara wa genge la reli, kikosi cha vibarua wanaotunza njia, mpaka alipostaafu, na baba yake alikuwa kibarua wa genge hilohilo. Tulipomwamkia akatushika mikono yote miwili. "Nyinyi ndio wenyewe? Tumewasubiri sana."

Tulifuata reli kama robo saa, yeye mbele. Njiani alitueleza kwamba kila genge lilipofyeka kando ya njia, lilifyeka na pale. Hakuna aliyeamriwa, haikuwemo kwenye kazi. Baba yake aliambiwa na waliomtangulia, naye akawaambia vijana wake: hapa amelala mtoto wa stesheni masta, pasipite jembe. Magenge yalipopunguzwa aliendelea kwenda mwenyewe na panga lake kila kiangazi, mpaka magoti yalipokataa. Sasa anamtuma mjukuu.

Kaburi ni dogo, chini ya mninga, limezungushiwa mawe ya kokoto za reli. Kichwani limesimamishwa taruma la chuma, kile kipande kinacholazwa chini ya reli. Wajerumani waliweka mataruma ya chuma kwenye reli hii kwa sababu ya mchwa, na hili ni mojawapo, limekatwa nusu na kuzikwa wima. Nilipiga magoti nikafuta kutu kwa kanga. Ubavuni kuna herufi za kiwanda zilizoinuka, na mwaka: 1911. Mtu asiyejua angesema ni tarehe ya kaburi. Juu, upande unaotazama reli, kuna alama ndogo zilizochongwa kwa patasi, mwezi na nyota, mkono wa mtu ambaye hakuwa fundi wa kuchonga lakini alichukua muda wake. Mzee anasema vibarua ndio waliolileta taruma lile, wakalibeba mabegani, kwa sababu stesheni masta aliwaandikia barua zao za nyumbani bila kuwatoza.

Tulisoma dua. Mdogo wangu alisoma, mimi sauti haikutoka. Treni ya mizigo ilipita tukiwa bado pale, na mzee akavua kofia yake, sijui kwa ajili ya treni au ya mtoto.

Kurudi kijijini tulikuta mke wa mwenyekiti amepika ugali, mlenda na kuku. Tulijaribu kuacha chochote, wakakataa. Mzee alikubali kitu kimoja tu: nimtumie picha ya Babu Stesheni akiwa amevaa koti, aione sura ya mtu aliyeunganisha ukoo wake na wetu.

Jumatatu, 11 Agosti: Tabora

Kutwa kwa Bibi. Alizitazama picha kwenye simu moja moja, akaomba ile ya taruma tuikuze, akaweka kidole juu ya mwezi na nyota. Akasema, "Mama angejua." Halafu akatuma mtu akanunue nyama tule.

Kwa wanaotafuta wazee wao: anzeni na makaratasi ya nyumbani kabla ya ofisi yoyote. Barua za uhamisho zina tarehe na majina ya stesheni, na nyuma ya picha mara nyingi kuna mhuri. Kumbukeni kuangalia jina la mwajiri. Mpaka 1948 ni Tanganyika Railways. Kuanzia hapo ni East African Railways and Harbours, ambayo makao makuu yake yalikuwa Nairobi, kwa hiyo karatasi za mafao zinaweza kuwa za huko. Ofisi ya Nyaraka za Taifa ipo Dar es Salaam, na ukienda ukiwa tayari na jina la stesheni na mwaka unarahisishiwa kazi.

Jumanne, 12 Agosti: Tabora – Kigoma kwa basi

Siku ya treni ya Kigoma ilikuwa mbali, tukapanda basi. Urambo, Kaliua, mashamba ya tumbaku yaliyovunwa, chupa za asali barabarani. Mbele ya Kaliua tairi likapasuka, tukakaa juani zaidi ya saa mbili. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alitoa mikeka yake yote chini ya mwembe na ndoo ya maji, akawapa kipaumbele wenye watoto wachanga. Kisha Malagarasi na Daraja la Kikwete, Uvinza ya chumvi, na Kigoma usiku.

Jumatano, 13 Agosti: Kigoma na Ujiji

Asubuhi tulikwenda stesheni ya Kigoma, jengo jeupe la Wajerumani mwisho wa mji, ziwa liko nyuma yake. Hapo ndipo mvulana alipofagia. Mchana tulichukua daladala kwenda Ujiji kwa ndugu ambao nilikuwa nawajua kwa simu tu. Walitupikia migebuka kwa mawese, na baada ya adhuhuri baba mkubwa akatoa Msahafu wa Babu Stesheni uliofungwa kwenye kitambaa cha kijani.

Ukurasa wa mbele, ule usio na maandishi ya Kurani, umejaa mwandiko wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sisi hatukuweza kuusoma. Wakamwita maalimu wa msikiti wa jirani, akavaa miwani akatusomea polepole, mdogo wangu akiandika.

Ni orodha ya watoto. Kila mtoto ana stesheni yake, mwezi wa Kiislamu, na treni. "Usoke, usiku, baada ya treni ya kwenda Kigoma kupita." Huyo ni babu yangu. "Itigi, alfajiri, kabla ya treni ya mizigo." Huyo ni Bibi. Kwa mtoto wa Goweko kuna mistari miwili. Wa kwanza ni wa kuzaliwa kwake na jina lake. Wa pili maalimu aliusoma, akarudia: amefariki Mfungo Sita, mwaka 1354, baada ya isha, nikiwa kazini, treni ya Tabora ilikuwa njiani, sikuweza kutoka mpaka ilipofika.

Mfungo Sita ya mwaka ule wa Hijria ni Juni 1935.

Baba mkubwa alitaka kuufunga Msahafu, shangazi akamzuia, akaomba isomwe tena kwa ajili ya watoto waliokuwa mlangoni. Ikasomwa tena.

Tulipiga picha za ukurasa ule na kuzituma Tabora jioni ileile. Bibi ameamua jina liandikwe. Taruma halitaondolewa, kibao kidogo kitawekwa chini yake, na fundi wa Goweko ameshapima. Kaburi limo ndani ya eneo la reli, kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa imeshapelekwa, na mwenyekiti wa kijiji amesaini pamoja nasi. Ruhusa ikitoka tunakwenda kabla ya masika, na safari hii Bibi anasema anakuja mwenyewe, kwa treni.